Nani Amemgusa Tatsuro?

Vitufe vya pedi ya gemu vilinata maji ya chenza. Mjane akavinusa, akawasha runinga.

Tangu mazishi alikuwa amekataza gemu ya mumewe isiguswe. Shujaa wa gemu hiyo, ambaye mume alimpa jina lake mwenyewe, Tatsuro, alibaki langoni kwa joka, pale pale marehemu alipomwacha.

Sasa, kwenye runinga, shujaa alikuwa kijijini.

Mama mkwe alificha vidole vyake vya manjano chini ya blanketi.

"Mama, umemchezea?"

"Mimi? Na uzee huu?"

"Nionyeshe mikono."

Mama mkwe akampokonya pedi. "Ulitaka nimwache langoni na majeraha yale? Hapa kuna nyumba ya wageni, mwanangu. Mtu analala hoi, asubuhi anaamka mzima."

Akabonyeza, Tatsuro akaingia kulala. Runinga ikawa nyeusi, nao wakasubiri kukuche.