Kaburi la Mwakio

Kabla mjane hajaolewa tena, sheria ilitaka kaburi la mumewe lipimwe kwa kioo kinachonasa nyutrino, zile chembe za jua zinazopenya ardhi kana kwamba haipo. Wakesho alikuwa aolewe Jumamosi, basi Alhamisi asubuhi akaenda makaburini Wundanyi na mama mkwe wake.

Mpimaji alisimamisha kioo juu ya kaburi la Mwakio, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mama, humu hamna mtu," alisema. "Jeneza limejaa mawe."

Wakesho akaketi kwenye nyasi. Miaka sita alikuwa akiyalilia mawe. Alimgeukia mama mkwe akidhani naye ataanguka, lakini mama yule alikuwa amemkazia macho mpimaji.

"Usiandike, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Mama, ulijua?" Wakesho aliuliza.

"Aliniapisha nisikwambie."

Ndipo Wakesho alipokumbuka kwamba kila Desemba mama huyu husafiri peke yake kwenda Moshi, na hurudi na mkungu wa ndizi, amenawiri uso. Ndizi hizo walikuwa wakizipika na kuzila pamoja.