Maji ya Kupozea

Kabla hajaugusa mvinyo wa Severa, Ndugu Mrisho, mpimaji wa pombe, alichemsha maji matupu. Alikaa mbele ya chungu kidogo cha shaba, kofia kichwani, macho kwenye kipimajoto, kama mtu anayesubiri chai asiyo na hamu nayo.

"Maji yanachemka kwenye digrii mia," alisema bila kumtazama mtu. "Pombe inachemka mapema zaidi. Kadiri ilivyo kali, ndivyo inavyowahi."

"Anajua huyo," alisema Polycarp, mkaguzi wa vilabu vya pombe, akiwa dirishani. "Hawa wasiokunywa wanajua kuliko sisi."

Miguu ya Severa ilikuwa inamwaka moto. Aliamka alfajiri kupanga foleni ya sukari huko Ilala, akaikosa, kisha akatembezwa hadi maabara hii ya ghorofani nyuma ya soko la Kariakoo, yeye mbele, chupa ya mvinyo wake nyuma mikononi mwa mkaguzi. Leseni ya kilabu chake ilisema mwisho asilimia nane ya kilevi, basi. Lakini mvinyo wa mananasi bila sukari ya kutosha hauna makali, wateja wakaanza kununa, na wiki iliyopita Severa akachoka kununiwa. Akaongeza gongo kwenye dumu, chupa mbili nzima.

Leseni ikienda, kila kitu kinaenda. Siku zile asiye na kazi inayotambulika alikuwa anapandishwa lori na kurudishwa kijijini kwao, na watoto watatu wa Severa walikuwa wanasoma hapa hapa mjini. Mwezi uliopita huyu huyu Mrisho alipima pombe ya jirani yake Euphrasia, ikazidi kidogo tu, na Jumamosi iliyofuata Euphrasia akapanda lori na godoro lake. Tangu siku hiyo Severa alimchukia mzee huyu, ingawa leo alimwamkia shikamoo kwa heshima zote.

"Yule mwenzako wa mwezi uliopita," Mrisho aliuliza, akimwaga maji ya moto, "alifika salama?"

"Hajaandika, mzee." Moyoni akasema, una uso gani wa kuuliza.

Mrisho akaitikia kwa kichwa. Aliumimina mvinyo ndani ya chungu, akakaza juu yake mrija uliozungukwa na mfuko wa shaba wa kutia maji baridi, akawasha taa ya spiriti chini. Ule mfuko aliuacha mtupu.

Severa aliona, na jasho likamtoka. Kwao Masasi mama yake alikuwa akipika gongo la mabibo, na kazi ya Severa utotoni ilikuwa moja tu: kuumwagia mrija maji baridi. Ukizembea, mvuke haugeuki tone tena. Unatoka nje na nguvu yote ya pombe, na chunguni kinabaki kimaji cha kunywesha mbuzi. Mrija mkavu ungemwokoa, mradi asiseme neno. Mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake atajuaje?

"Hapo si huwa panatiwa maji?" Polycarp aliuliza.

"Huwa," Mrisho alijibu. "Maji hakuna tangu Jumatatu."

Polycarp akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Likakohoa, likatoa hewa kidogo, likanyamaza. "Mji huu," alisema, akarudi dirishani.

Zebaki ilipanda haraka, ikasimama kwenye tisini na moja. Severa hakuijua hesabu yake, lakini alijua kuwa ni mapema mno. Polycarp akachomoa kalamu.

"Bado," alisema Mrisho. "Iache itulie."

Mvuke ukawa unatoka juu ya mrija, na harufu yake Severa angeitambua hata usingizini. Zebaki ikaanza kupanda tena, tisini na mbili, tisini na tatu. Mrisho alikaa tu, mikono mapajani, amechoka kama mtu aliyebeba magunia. Ilipofika tisini na tano aliinama, akasoma, akapitisha kidole kwenye jedwali.

"Asilimia sita."

Polycarp aliangalia mwenyewe, kisha akaandika. "Wiki nzima hakuna aliyezidi nane," alisema. "Hata mmoja."

"Labda wameanza kumwogopa Mungu," Mrisho alisema, akagonga muhuri.

Polycarp alitangulia kushuka ngazi akinung'unika, Severa akafuata na cheti chake kwenye pindo la kanga. Hakufurahi kama alivyotegemea. Alikuwa amemdanganya mzee asiyejua kitu, kwa kunyamaza tu, na uchovu wa siku nzima ukamshukia kwa mkupuo. Amefika chini, mkaguzi keshatokomea kwenye umati wa soko, ndipo akakumbuka chupa yake. Miaka ile chupa tupu ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Akapanda tena, ngazi moja moja.

Adhana ya alasiri ilikuwa inatoka msikiti wa jirani. Mlango wa maabara ulikuwa wazi nusu. Mrisho alikuwa amempa mgongo, miguu peku, mikono ya shati ameikunja. Aliinama chini ya sinki, akazungusha koki iliyojificha huko, akainuka, akafungua bomba.

Maji yakaja kwa nguvu, na mzee akaanza kutawadha.