Chupa Zilizosimama

Chupa zilikuwa zimesimama tena.

Binti aliganda kwenye mlango wa stoo. Jana mchana alitumia saa tatu kuzilaza zote, mia mbili na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwa upole wa mtu anayelaza vichanga. Leo zilikuwa wima rafu kwa rafu, zimemkodolea macho.

"Baba, si nilikueleza? Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke. Kikikauka, hewa inapenya, unageuka siki."

"Ulinieleza, mama." Baba yake, fundi saa mstaafu, hakuwa amekaa tangu asubuhi. Alitoka dirishani akaenda kwenye rafu, akarudi dirishani. "Zikilala sizioni vizuri. Napenda tutazamane."

Jibu gani hilo kutoka kwa mtu aliyekusanya mvinyo miaka yote hiyo? Mtaa mzima ulimwita Bwana Mvinyo, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuonja hata tone lake. Majirani walitania kwamba atazikwa na ufunguo wa stoo, ili malaika nao wapige hodi wachoke.

Shingoni mwa kila chupa kulining'inia kikaratasi chenye namba: 1, 2, 3, 9, 31, na mbele huko 4,018. Tangu utotoni binti alimcheka kwa kuwa fundi saa asiyejua kuhesabu. Baba naye alicheka tu.

Jambo moja binti alilijua mapema: likitokea kubwa, baba huenda dukani. Bibi alipofariki, baba alirudi na chupa. Karakana ilipoungua, chupa. Siku binti alipofaulu mtihani wake wa mwisho wa shule, alisimama ukumbini mikono wazi akingoja kukumbatiwa. Baba akampita na chupa kwapani, akajifungia stoo. Mama akaweka kigoda mlangoni, akafuma sweta hadi mumewe alipotoka.

"Unafanya nini hapo, mama?"

"Namsubiri baba yako."

Binti alimhurumia mama kwa kupanga foleni nyuma ya chupa. Akaapa kwamba yeye hatapanga foleni, ataingia. Ndiyo maana akasomea mvinyo. Walimu wake walidhani amejaliwa ulimi wa kuonja, kumbe alikuwa akitafuta njia ya kuuvuka mlango ule.

Sasa hoteli moja ya ng'ambo ilikuwa imemwajiri kuwa mtaalamu wake wa mvinyo. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba wiki iliyopita. Sanduku lilikuwa limefungwa, na gari lingemchukua saa tisa alasiri. Saa nane na nusu ilikwisha pita, na saa zote za ukutani, ambazo baba alizitunza zilie kwa pamoja, zilimhesabia dakika kama mdai asiye na haya.

"Sitaki zawadi, baba. Nataka tukae, tunywe glasi moja. Basi."

"Hizi si za kunywa, mwanangu."

"Ni za nini, basi?"

Baba akaenda tena dirishani.

Pale juu ya meza palikuwa na chupa aliyotoka nayo dukani asubuhi hiyo, bado imeviringishwa gazeti, kikaratasi chake kimekwisha andikwa: 9,870. Binti alilichana gazeti. Alichomoa mfukoni kizibuo chake mwenyewe, maana katika nyumba ile, pamoja na utajiri wote huo wa mvinyo, hakuwahi kuona kizibuo hata siku moja. Alizungusha, akavuta. Kizibo kikatoka kwa sauti ndogo, na harufu ya zabibu nyeusi ikajaa chumba.

Baba alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa rafu. Chupa zikagongana, zikalia.

Binti akamimina glasi mbili. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Miaka yote umezichagua hizi. Leo nichague mimi."

Mkono wa baba ulikuwa umezoea kushika skrubu nyembamba kama mguu wa sisimizi bila kutikisika. Sasa ulipokea glasi, mvinyo ukamwagikia pindo la shati.

"Nikinywa," baba alisema polepole, "utaondoka ukijua kwamba nakupenda?"

"Nitajua."

Baba alimtazama mwanawe kama anayemsoma ili amkumbuke. Kisha akainua glasi.

"Mume wangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, safari hii bila kigoda. Hakupaza sauti. Glasi ilisimama shubiri moja kutoka mdomoni. Mama alipita katikati yao, akanyoosha mkono hadi mwanzo wa rafu ya juu, akashusha chupa ya namba moja, yenye vumbi la umri wa binti yake, akamkabidhi.

"Kigeuze kikaratasi, mwanangu. Usome kwa sauti. Upesi."

Binti alikigeuza. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko ulikuwa ule ule mdogo, ulionyooka, wa fundi saa:

"Binti yangu amezaliwa alfajiri. Nimeinunua, sijaifungua. Siku ya kwanza bila kunywa."