Njia Iliyopinda

Hidaya alikuwa mtoto wa kulia akisukwa, lakini leo hata chanuo lilipomvuta hakutoa chozi. Mapajani alikuwa na kitabu cha kuazima, na kesho kilitakiwa shuleni. Alikaa mkekani, mgongo katikati ya magoti ya Bi Zamoyoni, akisoma kwa sauti.

Bi Zamoyoni alisuka vichwa vya mji mzima. Kusoma hakujua, na aliyewahi kumsomea ni mtoto huyu tu.

Njia ya mwisho ya nywele ilipofungwa, kurasa tatu zilikuwa zimebaki, na msichana wa hadithini bado yuko juu ya paa, maji ya mafuriko yanapanda.

“Hidaya! Hamjamaliza tu?” mama yake akaita kutoka ng'ambo ya ua.

“Bado, mama Hidaya! Kuna njia imepinda,” Bi Zamoyoni akajibu, akaanza kuifumua.

Hidaya akaipapasa. Imenyooka kama mstari wa daftari. Akafunua ukurasa.

Msichana akaokoka. Bi Zamoyoni akashusha pumzi, akaifunga njia yake mara ya pili.

Hidaya akarudi ukurasa wa kwanza. Kisha akapeleka vidole upande wa kushoto wa kichwa, akaanza kufumua.

“Na hii nayo, Bibi,” akanong'ona, “naona imepinda.”