Ngiri Akataa Kuhama Ligi

Kila msimu timu ya Pundamilia na timu ya Mama Ngiri na wanawe zilicheza mpira bondeni, na wanyama wakajaa kushangilia. Tembo, mwenye ligi kubwa ng'ambo ya mlima, akamchukua Pundamilia ili apate mashabiki wake.

"Bila mimi uwanja wako utaota majani," Pundamilia alimwambia Ngiri.

"Yakiota nitayala."

Lakini huko ugenini Pundamilia alicheza mbele ya viti vitupu. Mashabiki walikuwa wakija kuona majirani waliotambiana kisimani wiki nzima, na huko hakuwa na jirani. Tembo akamfuata Ngiri mbio.

"Mama Ngiri, jiunge nasi. Ligi inakufa!"

"Wanangu hawavuki mlima kwenda kukujazia viti," alijibu Ngiri. "Mkitaka mechi na sisi, vukeni nyinyi."