Tone la Posa

Zama hizo posa haikupokewa kabla ngozi ya binti haijapimwa. Mama wa bwana harusi alibandua utando mwembamba wa ngozi mkononi mwa Raya, akaudondoshea tone la kingamwili ya maabara, kimiminika cha kutambua protini. Ukigeuka buluu, protini inayosafirisha mafuta ya ngozi ipo, na iliaminika wajukuu hawatazaliwa na magamba.

Ukageuka buluu. Vigelegele vikapaa sebuleni, na kimoja, kirefu kuliko vyote, kikatokea chumba cha nyuma. Humo alifichwa Tunu, dada aliyemlea Raya, mwenye ngozi ya magamba.

“Nani huyo?” mkwe akauliza.

“Jirani tu, mama,” Raya akajibu, macho chini.

Kigelegele kikakatika. Raya akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini akanyoosha kidole, akavishwa pete.