Kigurudumu cha Mwanga

Mjukuu wangu, umewahi kuzungusha kigurudumu kidogo kama punje ya mtama kwa dole gumba lililokakamaa? Ndivyo ilivyo kamera tuliyogawiwa kila nyumba; kigurudumu chake ndicho kinachoongeza mwanga wa picha. Kila asubuhi nampiga picha babu yako mgonjwa kitandani na kuituma kwa wanaogawa dawa. Uso ukitoka na giza, anahesabiwa amekufa, na dawa zake zinakatwa.

Leo kigurudumu kiliteleza. Nikachovya dole kwenye jivu la jikoni, kama tunavyofanya tukimshika kambare asiteleze.

"Mkono wako umezeeka kunishinda," babu yako akanitania.

"Tulia wewe, usitikise uso."

Kikaanza kusogea, uso wake ukaanza kuonekana. Akanishika mkono.

"Mama Saumu, iache picha na giza. Siku nyingi nataka kukuambia. Nimechoka."